Sakafu ya Zege la Kung'arishwa: Mwongozo Kamili kwa Anayejenga Dar es Salaam

Katika nyumba nyingi zinazojengwa Goba, Kinyerezi, Madale na Kigamboni, swali la sakafu huulizwa mwisho kabisa, wakati bati limekwisha kuezekwa, plasta imekauka na fedha zimebaki kidogo. Kwa anayetaka vigae hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa vigae hufunika kila kilicho chini yake. Kwa anayetaka zege lenyewe liwe ndiyo sakafu, likasagwa na kung'arishwa bila kufunikwa na kitu, swali hilo linakuwa limechelewa. Ubora wa sakafu ya namna hiyo huamuliwa siku zege linapochanganywa na kumwagwa, na mashine inayokuja baadaye hufunua tu kazi iliyokwisha kufanyika, nzuri au mbaya. Nimesimamia ujenzi kwa miaka mingi, na sakafu zote mbaya za aina hii nilizoitwa kuzitazama ziliharibika kabla mashine ya kusagia haijashushwa kwenye gari.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye nyumba anayepima kama aina hii ya sakafu inamfaa, na kwa yule aliyekwisha kuamua na anataka ajue aanzie wapi.

Kinachouzwa kwa jina hilo

Kabla ya kupima faida na hasara ni lazima kutenganisha vitu vinne ambavyo mitaani huitwa kwa jina moja. Niru ni saruji iliyokorogwa kwa maji na kulainishwa kwa mwiko wa chuma juu ya sakafu ya mchanga na saruji; hung'aa miezi ya mwanzo, kisha huchubuka pale watu wanapokanyaga zaidi. Rangi ya epoksi ni ngozi inayopakwa juu ya sakafu, na ngozi hiyo ikisukumwa na unyevu kutoka chini huvimba na kubanduka. Terazo, ambayo wengi tunaijua kwenye ngazi na korido za majengo ya zamani ya Upanga na katikati ya jiji, ni tabaka maalumu la saruji lenye vipande vya mawe ya marumaru, lililogawanywa kwa vipande vya shaba au kioo na kusagwa.

Zege la kung'arishwa halina ngozi wala tabaka la mapambo. Ni zege lenyewe, lenye kokoto na mchanga wake, linalosagwa kwa visahani vya almasi kuanzia vile vikali hadi vile laini. Katikati ya kazi hupakwa dawa ya kukaza, ambayo kwa kawaida ni silikati ya sodiamu, ya potasiamu au ya lithiamu iliyoyeyushwa katika maji. Saruji inapoganda huacha ndani ya zege chokaa huru. Dawa hiyo hupenya kwenye vitundu vya juu, ikakutana na chokaa hiyo na kuigeuza kuwa kitu kigumu cha jamii ileile inayoifanya saruji ishike. Mng'ao wa mwisho unatokana na uso uliosagwa hadi mikwaruzo yake ikawa midogo mno kiasi cha kutoonekana kwa macho. Kwa hiyo fundi anayekuambia atakuletea "sakafu ya kung'arisha" ndani ya ndoo moja ya vanishi anazungumzia kitu kingine.

Faida zake, zikipimwa kwa hali ya hewa yetu

Faida ya kwanza ni kwamba hakuna cha kubanduka. Katika jiji hili nimeona vigae vingi vilivyonyanyuka katikati ya sebule, vikisimama kama paa la hema, kwa sababu gundi au chokaa yake haikushika vizuri au nafasi ya kutanuka haikuachwa ukutani. Zege lililosagwa halina gundi wala mistari ya viungo inayogeuka nyeusi kwa maji ya deki. Unyevunyevu unaotoka ardhini, ambao huinua epoksi na kuozesha mbao, hupita kwenye vitundu vyake bila kubandua kitu, ingawa unaweza kuacha chumvi nyeupe juu, na hilo nitalirudia.

Faida ya pili ni ubaridi. Zege lililolazwa juu ya ardhi huchelewa kupata joto, na adhuhuri ya Februari ukivua viatu utaona tofauti. Lakini niseme wazi kwamba kigae nacho ni baridi kwa sababu hiyohiyo, kwa maana kimelala juu ya zege lilelile. Anayehama kutoka vigae kwa ajili ya ubaridi peke yake hatapata alichokifuata. Ubaridi huo pia hautapatikana mahali ambapo jua la saa tisa linaingia moja kwa moja kupitia dirisha kubwa la upande wa magharibi.

Faida ya tatu ni umri. Sakafu iliyotengenezwa vizuri haiishi kwa kukanyagwa. Hupoteza mng'ao tu, na mng'ao huo hurudishwa kwa kupitisha tena visahani laini bila kubomoa kitu. Mchwa hawaili, na maji ya mafuriko yakiingia na kutoka, tope likioshwa mapema, sakafu hubaki mahali pake. Kwa nyumba za mabondeni hilo si jambo dogo.

Hasara ambazo wauzaji huzipitia haraka

Hasara kubwa kuliko zote jikoni ni asidi. Katika nyumba moja ya Mbezi niliyoisimamia, jioni ya kwanza baada ya kuhamia, samaki alikamuliwa ndimu juu ya meza na matone matatu yakaanguka chini. Yalifutwa asubuhi. Mahali pa matone hayo palikuwa na miduara mitatu mieupe iliyofifia, mikubwa kama sarafu, na ukipitisha kidole ulihisi chengachenga wakati pande zote ni laini kama kioo. Hilo halikuwa doa la uchafu ambalo lingeweza kusuguliwa kwa sabuni. Ndimu ilikuwa imekula saruji yenyewe. Siki, ukwaju, achari, juisi ya machungwa na soda hufanya vivyo hivyo, na dawa za kusafishia choo zenye asidi hufanya vibaya zaidi. Dawa ya kuziba vitundu inayopakwa mwisho hukupa dakika za kufuta, haikupi kinga ya usiku mzima. Mwenye jiko linalopika kwa ndimu na ukwaju kila siku achague moja kati ya mawili: aweke vigae jikoni na zege sebuleni, au akubali kwamba jiko lake litakuwa na madoa na asihuzunike kila yanapoongezeka.

Hasara ya pili ni nyufa. Zege husinyaa linapokauka, na zege linalosinyaa hupasuka. Kazi nzuri huelekeza ufa uende pale panapotakiwa. Haiondoi kabisa uwezekano wa mistari myembamba kama unywele. Kama mstari mmoja sebuleni utakukosesha usingizi, sakafu hii haikufai, na ni heri uujue ukweli huo sasa.

Utelezi nao unahitaji kuelezwa kwa haki. Ikiwa kavu, sakafu hii haitelezi kuliko kigae laini. Ikiwa na maji, sabuni au mafuta, inateleza, na wazee na watoto ndio wanaoanguka. Bafuni, chooni, kwenye ngazi za nje na barazani panapopigwa na mvua, nashauri usiing'arishe. Acha uso wenye mikwaruzo au weka vigae vya kukwaruza. Zaidi ya hayo, zege ni gumu kwa miguu ya anayesimama kutwa, glasi ikianguka haiponi, na chumba kikubwa kisicho na mapazia wala mazulia hutoa mwangwi.

Kuhusu gharama, bei ya eneo dogo huwa kubwa kwa kila mita ya mraba. Kusafirisha mashine na kufunga umeme ni kazi ileile, iwe nyumba nzima au chumba kimoja. Kwa chumba kimoja cha mita 3 kwa 3 sioni sababu ya kuhangaika nayo.

Hatua ya kwanza: amua kama nyumba yako inafaa

Tazama kuta kabla ya sakafu. Kama kuta zina nyufa za kwenda ngazi kwa ngazi kufuata matofali, ardhi au msingi unacheza, na sakafu itapasuka kufuata mchezo huo. Kisha fikiria maji ya ardhini. Sehemu za Mikocheni, Msasani na maeneo yaliyo karibu na bonde la Msimbazi, mtu huchimba kidogo tu akakuta maji, hivyo kinga ya unyevu chini ya jamvi, yaani zege la chini linalolazwa juu ya ardhi, ni lazima. Mwisho, kama unazungumzia ghorofa na unafikiria kumwaga tabaka jipya la zege juu ya slabu, muulize injinia kwanza. Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tabaka la milimita 50 katika chumba cha mita 4 kwa 5 huongeza kilo 2,400 juu ya vichwa vya walio chini.

Hatua ya pili: kagua sakafu iliyopo, kama ipo

Hapa nilikosea mimi mwenyewe. Nyumba yangu ya Goba ilikuwa na jamvi, juu yake tabaka la mchanga na saruji la sentimita tatu, na juu yake niru. Kampuni niliyoiita iliniambia kwamba sakafu ni imara na itang'aa. Mashine ilipopita mara ya pili, sehemu ya karibu na mlango ilianza kutoa sauti ya debe tupu, na kabla ya saa sita mchana vipande vikubwa kama sahani vilikuwa vimeachana na jamvi. Hata pale palipobaki hapakuwa na kokoto ya kuonekana, kwa kuwa tabaka lile lilikuwa mchanga mtupu. Nilibomoa lote. Tangu hapo sikubali sakafu yoyote isagwe kabla ya vipimo vifuatavyo, ambavyo mwenye nyumba anaweza kuvifanya mwenyewe kwa asubuhi moja na usiku mmoja.

Gonga sakafu nzima kwa nyundo ndogo au kwa kipande cha nondo, nusu mita kwa nusu mita, ukisikiliza. Sauti kavu na fupi ni nzuri. Sauti ya utupu ina maana kwamba tabaka la juu limeachana na la chini, na patiwe alama ya chaki. Kisha kwaruza kwa msumari: mstari mweupe mwembamba unavumilika, mfereji unaotoa unga hauvumiliki. Weka rula ya aluminiamu ya mita 2 au 3 sehemu mbalimbali na uangalie mwanga unaopita chini yake, kwa sababu kila bonde litaonekana mara mbili sakafu itakapong'aa.

Kwa unyevu, kata nailoni ngumu ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne pasipite hewa, uiache kwa saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone chini yake, au zege limegeuka rangi kuwa jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini, na ndiyo yatakayokuletea chumvi nyeupe. Fanya kipimo hiki sehemu tatu kwa uchache, na ikiwezekana wakati wa masika, kwa maana sakafu iliyo kavu Septemba inaweza kuwa na hadithi nyingine mwezi Aprili.

Mwisho, toboa tundu dogo kwenye kona itakayofunikwa na kabati ili ujue kilichopo chini ni zege lenye kokoto au ni mchanga na saruji. Ikiwa ni mchanga na saruji, nakusihi usidanganyike kama nilivyodanganyika mimi.

Hatua ya tatu: chagua kati ya jamvi lenyewe na tabaka la baadaye

Ukitaka kung'arisha jamvi lenyewe, unaokoa saruji, lakini jamvi humwagwa mwanzo kabisa, na juu yake ndipo kuta hujengwa, mirunda husimamishwa, plasta huanguka, nondo huachwa zikatia kutu na rangi humwagika. Kutu na mafuta hupenya ndani ya zege na mashine haiyatoi. Njia ninayoipendelea kwa nyumba ya kawaida ni kumwaga jamvi kama kawaida, likiachwa na uso wa kukwaruza na likishushwa kimo, kisha baada ya kuezeka na kupiga plasta kumwaga tabaka la zege halisi lenye kokoto ndogo. Tabaka hilo likishikamana na jamvi lililosafishwa na kukwaruzwa, milimita 50 zinatosha. Likitenganishwa na jamvi kwa nailoni, lisipungue milimita 100. Linamwagwa kivulini, bila jua kali wala mvua, na hilo peke yake huondoa nusu ya matatizo ya nyufa. Kimo cha milango na ngazi lazima kihesabiwe mapema, vinginevyo milango itakatwa chini.

Hatua ya nne: kokoto, mchanga na saruji

Utakapoisaga sakafu, kokoto ndizo zitakazokuwa pambo la sebule yako kwa miaka yote, kwa hiyo zichague kama mtu anavyochagua kitambaa. Kokoto za mawe magumu zinazoletwa kutoka upande wa Lugoba na Chalinze husagika taratibu na kung'aa sana. Kokoto za mawe ya matumbawe zinazopatikana karibu na pwani ni laini, zina vitundu, na hunywa maji. Ukizisaga huacha vishimo vidogo vinavyokusanya uchafu, na asidi huzila upesi kama inavyokula saruji. Kwa msingi wa ukuta zinaweza kufaa, kwa sakafu ya kung'arisha sizikubali. Nunua kokoto zote kwa mzigo mmoja, kwani gari la pili huweza kuja na rangi nyingine, na mpaka wa rangi hizo mbili utauona katikati ya sebule.

Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula nondo na kutoa ukungu mweupe juu ya sakafu. Saruji iwe ya daraja la 42.5, ya kiwanda kimoja na ikiwezekana ya siku moja, maana kila kiwanda kina kijivu chake.

Kwa uwiano wa saruji, mchanga na kokoto, mchanganyo wa 1:2:4 uliozoeleka kwa jamvi ni dhaifu kidogo kwa kazi hii. Tumia 1:1.5:3, ambao huchukua takriban mifuko 8 ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye unene wa sentimita 10 kina mita 2 za ujazo, yaani mifuko takriban 16. Pima kwa boksi au ndoo inayojazwa na kukatwa sawa mdomoni. Kupima kwa koleo hutoa zege la rangi tofauti kila mchanganyo. Kwa eneo kubwa, zege la kiwandani linaloletwa na gari hutoa rangi iliyo sawa zaidi, mradi umwagaji ukamilike siku hiyohiyo.

Kisha maji, na hapa msimamie fundi kwa macho yako. Mfuko wa kilo 50 hauhitaji zaidi ya lita 25 za maji, na humo hesabu maji yaliyomo tayari kwenye mchanga ulionyeshewa. Saidia fundi hupenda zege jepesi kama uji kwa kuwa linajisambaza lenyewe, na siwalaumu, kwa maana wao ndio wanaolibeba. Lakini kila ndoo ya ziada hupanda juu ikabeba saruji nyepesi, na ndiyo inayoacha uso wa unga.

Hatua ya tano: kumwaga, kukata na kumwagilia

Kama ni jamvi jipya, shindilia kifusi kwa matabaka, tandika nailoni ya geji 1000 (kipimo cha unene wake) yenye maungio yaliyopandana sentimita 30 na kupandishwa ukutani, na uhakikishe kwamba mabomba ya maji na ya nyaya yamelala chini vya kutosha yasije yakakutana na visahani vya almasi. Anza alfajiri, na ukipanga chumba, kimalizwe bila kusimama.

Shindilia zege kwa vibreta (mashine ya kutetemesha zege), lisawazishe kwa rula ndefu, kisha subiri. Maji yatapanda juu na yaachwe yakauke yenyewe. Kosa ninaloliona kila mara ni fundi kunyunyiza saruji kavu juu ya maji hayo ili ayanyonye upesi na aanze kulainisha. Saruji hiyo hufanya ngozi nyembamba isiyoshikana na zege la chini, na mashine itaibandua yote. Maji yakiisha, lainisha kwa mwiko wa chuma au kwa mashine ya mapanga, na usiongeze maji.

Mikato ya kuelekeza nyufa ikatwe kwa msumeno wa almasi ndani ya saa 6 hadi 18 tangu kumwaga, na katika joto la Januari na Februari mapema zaidi, mara tu zege linapokubali kukatwa bila kokoto kung'oka. Kina kiwe robo ya unene, yaani milimita 25 kwa jamvi la milimita 100, na umbali kati ya mkato na mkato usizidi mita 3. Vipande vikaribie umbo la mraba. Anzia kwenye kona zinazoingia ndani na miguu ya nguzo, kwa sababu hapo ndipo ufa huzaliwa. Kwa tabaka lililoshikana na jamvi, mikato yake ikae juu kabisa ya mikato na nyufa za jamvi. Mstari ulionyooka kutoka mlango hadi mlango hupendeza. Ufa uliojichagulia njia haupendezi.

Kumwagilia kuanze siku ileile na kuendelee kwa siku 7, zege likiwa limefunikwa. Magunia mabichi ni mazuri kwa jamvi la kawaida lakini huweza kuacha alama za nyuzi na rangi. Kwa sakafu ya kung'arisha natandika nailoni safi juu ya maji, nikiilaza isiwe na mikunjo. Baada ya hapo funika kwa mbao nyembamba au maturubai, na piga marufuku kuchanganyia chokaa, kukata vyuma na kuegemeza pikipiki juu yake. Acha zitimie siku 28 kabla ya kusaga.

Hatua ya sita: makubaliano kabla ya mashine

Mkataba wa maneno ndio unaoleta ugomvi katika kazi hii, kwa kuwa neno "kung'aa" kila mtu analielewa kivyake. Andikeni kiasi cha kufunua: uso wa saruji tu, chembe za mchanga, au kokoto nzima. Kufunua kokoto nzima kunasaga milimita kadhaa na kunagharimu zaidi, lakini huficha madoa vizuri kuliko uso wa saruji. Andikeni namba ya mwisho ya kisahani (namba ikiwa kubwa, kisahani ni laini zaidi), aina ya dawa na idadi ya mipako, nani anajaza nyufa na vitundu na kwa rangi gani, kando za kuta zitafikiwa kwa kiasi gani, na nani analipia umeme.

Umeme usiusahau. Mashine kubwa hutaka fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja. Ama kampuni ije na jenereta, ama itumie mashine ndogo na siku nyingi zaidi. Kisha dai kipande cha mfano cha mita moja ya mraba, kwenye stoo au mahali patakapokaa kabati, kitakachosagwa kwa hatua zote. Kitazame asubuhi na usiku chini ya taa, dondoshea maji na ndimu, ndipo utie sahihi.

Hatua ya saba: kusaga na kung'arisha

Kazi huanza kwa visahani vya chuma vyenye almasi, namba 30 au 40, kisha 80, kisha 150. Zege gumu hutaka visahani vyenye chuma laini, kinacholika upesi na kufunua almasi mpya. Zege laini hutaka chuma kigumu. Fundi anayejua kazi atalikwaruza zege kwanza ndipo achague, na fundi anayekuja na seti moja kwa nyumba zote atakuachia miviringo ya mikwaruzo.

Vitundu na nyufa hujazwa katika hatua hizi za mwanzo, sakafu ikaoshwa na kukauka, kisha dawa ya kukaza ikapakwa na kuachwa inyonywe kama maelekezo yake yanavyosema. Baada ya hapo huja visahani vya plastiki ngumu: 100, 200, 400, 800, na kwa anayetaka kioo, 1500 na 3000. Kila namba ipite kwa mwelekeo unaokatisha ule uliotangulia, na isirukwe hata moja. Mikwaruzo ya namba 80 haiondolewi na namba 400, huwa inang'arishwa tu, na itaonekana jua la asubuhi litakapoingia kwa pembeni. Kwa nyumba ya kuishi nashauri kuishia 400 au 800, kwa sababu sakafu ya 3000 huonyesha kila unyayo na kila mkwaruzo, na watu wa nyumba hiyo huishia kuitumikia sakafu badala ya kutumikiwa nayo.

Vumbi la kusaga zege kikavu lina silika, ambayo huharibu mapafu kwa namna isiyorekebika. Kazi ifanyike kwa maji au kwa mashine ya kufyonza vumbi, na wote waliomo wavae barakoa za vumbi zinazobana uso. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Watoto wasiwepo. Tope la kusagia lisimwagwe mtaroni, maana lina saruji, linaganda na kuziba njia ya maji ambayo mtaa mzima unaitegemea mvua zikianza. Likusanywe kwenye mifuko likauke, litupwe kama kifusi.

Utunzaji wa kila siku

Adui mkubwa wa sakafu hii ni mchanga unaoingia na viatu. Chembe zake ni ngumu kuliko saruji, na kila hatua inazisugua kama msasa. Weka zulia la kufutia miguu nje na ndani ya mlango, endeleza desturi yetu ya kuvua viatu, na fagia kwa ufagio laini kabla ya kupiga deki, kwani deki juu ya mchanga hukwaruza kuliko kuacha bila deki. Maji yawe safi, yenye sabuni kidogo isiyo kali. Sabuni ya unga nyingi huacha ukungu, na dawa zenye asidi au klorini zisikaribie. Gundisha vipande vya blanketi kuukuu chini ya miguu ya viti na makochi.

Ndimu au siki ikidondoka, futa papo hapo kwa kitambaa cha maji. Chumvi nyeupe ikitokea, ifagie ikiwa kavu, usiioshe kwa siki kama wengine wanavyoshauri. Kila baada ya miezi kadhaa dondosha maji karibu na mlango mkuu na karibu na sinki: yakikaa juu kama shanga, dawa ya kuziba bado ipo, yakizama na kuacha kivuli cheusi ndani ya dakika chache, ni wakati wa kupaka upya, na sehemu hizo mbili ndizo zitakazoanza kabla ya nyumba nyingine yote.